Orodha ya Ruzuku ya Mbolea Isomwe Kwenye Mkutano wa Kijiji



Mfuko wa mbolea ya ruzuku unaopanda kwetu Matamba kutoka Chimala umelipiwa na watu wawili: mkulima na Hazina. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ruzuku hii Mbeya, tarehe 8 Agosti 2022, mfuko wa DAP wa kilo 50 ulikuwa takriban shilingi 130,000. Mkulima akauziwa 70,000. Tofauti hiyo inatoka kwenye kodi, ikiwemo ya mama lishe wa stendi ya Makambako asiye na hata robo ekari. Naye ana haki ya kujua ruzuku imemfikia nani.

Tukumbuke enzi ya vocha za pembejeo, iliyoanza msimu wa 2008/09. Kaya ilipewa vocha tatu: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na mkulima akaongeza karibu nusu ya bei. Zililenga mahindi na mpunga, jambo lililotubana sisi wa viazi mviringo na pareto. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha, wanaume watatu na wanawake watatu, kisha mkutano mkuu wa kijiji ukayaidhinisha. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila penye mkutano dhaifu uligeuka muhuri tu. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen, katika utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2012, walikuta asilimia 60 hivi ya vocha zimekwenda kwenye kaya za viongozi wa kijiji. Kwingine mkulima asiye na fedha ya kuongezea alitia saini, akapewa kishika mkono, na wakala akadai thamani kamili benki. Kwenye daftari, mkulima huyo alihesabiwa mnufaika. Shambani hakuwa na hata punje ya mbolea.

Leo tunajiandikisha kwa mtendaji, tunapata namba, wakala anaiingiza kwenye mfumo. Hayo ni maendeleo, na ninayaunga mkono. Lakini orodha imeondoka machoni pa kijiji. Mwenye ekari 2 akiandikisha 20, kompyuta haitambui. Jirani anayepakana naye anaujua mpaka hatua kwa hatua, na huyo ndiye hatumwonyeshi orodha.

Nasikia hoja ya faragha, na ni nzito. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata Ulaya, Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwapa haki wakulima wa Hessen, Ujerumani, waliopinga majina yao kutangazwa. Umoja huo haukuifunga orodha moja kwa moja: baadaye uchapishaji ulirudi, majina ya wanaopata kiasi kidogo yakasitiriwa. Kwetu karibu kila mmoja anapata kidogo, na udanganyifu hupitia humo humo kwenye majina madogo. Ndiyo maana napendekeza orodha ibaki kijijini, isiende mtandaoni. Namba ya simu, ya kitambulisho na alama za vidole zifichwe. Jina, kitongoji, ekari na idadi ya mifuko vibandikwe ofisi ya kijiji.

Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ule unaotangulia msimu wa kupanda, mtendaji asome ekari za kila aliyejiandikisha na mapingamizi yasikilizwe palepale. Baada ya mauzo, asome mifuko iliyochukuliwa kwa kila jina, ili ambaye hakuchukua aseme. Muhtasari umfikie afisa kilimo wa kata. Naomba vijiji vya tarafa yetu vianze msimu ujao.