Mtu Mzima Mwenye Usonji na Maisha Yake ya Kila Siku

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Cheptais



Halmashauri imeniomba nizungumze juu ya watu ambao hawamo katika daftari ya Chama chetu, ingawa wamo katika nyumba zetu. Katika daftari hiyo wajane wana ukurasa wao, yatima wana wao, na wagonjwa wana wao. Mtu mzima mwenye usonji hana ukurasa. Akiwa mtoto, mama yake humchukua mgongoni na mambo husonga mbele. Walakini mtoto hukua, na mama huzeeka. Siku mama atakapolala kaburini, mtu huyu ataishi na nani, atakula nini, na shamba lake litakuwa wapi? Swali hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu.

Kwanza yafaa tujue usonji ni kitu gani. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana ya mababu, wala si adhabu kwa kosa la wazazi. Ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu alipokuwa tumboni, na kwa sehemu kubwa ni jambo la kurithi katika damu. Kwa hiyo hakuna dawa ya kuuondoa, na mtu hauachi nyuma akiisha kuota ndevu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Basi hata sisi tunaokutana sokoni Cheptais tumekwisha kupishana nao mara nyingi bila kujua.

Nawaombeni tusiwalaumu akina mama. Huko Marekani, kwa miaka mingi, baadhi ya wataalamu walidai kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake hana upendo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kuonyesha kwamba chanzo kimo katika mwili. Leo madai yale ya zamani yamekwisha kutupwa. Isiwe sisi tunayaokota.

Watu wenye usonji hawafanani wote. Yuko asiyesema hata neno moja, na yuko anayesema sana juu ya jambo moja alipendalo. Yuko anayehitaji kusaidiwa kula na kuvaa, na yuko mwenye kazi ya mshahara na watoto. Lakini mambo kadhaa aghalabu huonekana kwa wengi wao. Sauti ambayo kwetu ni ya kawaida, kama honi ya matatu au kipaza sauti cha mkutano, huweza kumwumiza kama pigo. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na badiliko la ghafula humtaabisha sana. Maneno huyachukua kama yalivyo. Ukimwambia, “Nakuja sasa hivi,” kisha ukakawia mpaka jioni, kwake umesema uongo. Na mambo yakimzidi, huweza kupiga kelele, kuziba masikio, au kukimbia. Wengi huona hayo kuwa ukaidi. Kwa kweli ni mtungi uliojaa ukamwagika.

Iko alama moja ambayo hapa kwetu hapana budi kuipima kwa uangalifu. Vitabu vya Ulaya na Marekani husema kwamba mtu mwenye usonji hakutazami machoni. Lakini katika desturi zetu kijana mwema hamkazii mzee macho. Huinamisha uso kwa heshima. Kwa hiyo mtu huyu aweza kuonekana mwenye adabu nzuri mpaka afike miaka thelathini, na hakuna atakayetambua kwamba ana taabu. Kisha siku moja haitikii salamu ndefu ya mzee njiani, naye huitwa mwenye kiburi. Yeye hana kiburi. Salamu zetu zina maswali mengi, naye bado anatafuta jibu la swali la kwanza.

Sasa nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa mbali, kwa sababu maisha yake yanatufundisha sisi wakulima. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na maandiko hayo yakawa msingi wa elimu ya usonji. Mtoto wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu wazazi wake walishauriwa kumweka mbali katika makao ya watoto. Walimweka huko, kisha baada ya mwaka mmoja hivi wakaenda kumrudisha nyumbani.

Baadaye Donald alikaa kwa mkulima mmoja na mkewe karibu na mji wao. Kijana alikuwa na tabia ya kuhesabu safu za mahindi, tena na tena, bila kuchoka. Wenyeji wake hawakumpiga wala kumcheka. Walimpa farasi na plau, akawa anazihesabu safu huku akilima. Alipenda pia kupima vitu. Wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Daktari Kanner alikwenda huko mwaka 1945, akashangaa kuona jinsi alivyoimudu plau. Donald alimaliza masomo ya chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao kwa miaka mingi sana, akajifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89, katika mji ule ule, miongoni mwa watu waliomjua tangu utoto.

Mwaka 1971 Kanner aliandika tena juu ya wale watoto 11, ambao sasa walikuwa watu wazima. Aliona kwamba waliofungiwa katika mahospitali makubwa ya serikali walikuwa wamepoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Ndugu wanachama, sitaki kusema kwamba wote walikuwa na uwezo sawa, wala kwamba kila mwenye usonji ataweza kazi ya benki. Nasema tu kwamba Donald hakuponywa usonji. Alikufa akiwa nao. Kilichomfaa ni majirani waliotazama anachokiweza, wakamwekea kazi mahali pale pale.

Hapa Kenya mwamko ulikuja kwa mikono ya wazazi. Mwaka 2003 walianzisha Autism Society of Kenya, na shule ya City Primary, Nairobi, ikafungua darasa la watoto wa namna hiyo. Mwezi Desemba 2007 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 2 Aprili iwe siku ya usonji duniani kila mwaka. Haya yote ni mema. Lakini mazungumzo mengi ni ya watoto na shule, na watoto wa mwaka 2003 sasa ni watu wazima. Darasa limekwisha, maisha hayajaisha.

Wazee wetu, ninyi mwajua kwamba kijana akiisha kupita katika tohara, iwe ni kwa Wasabaot au kwa Wabukusu, huhesabiwa kuwa mtu mzima. Huacha kuitwa kwa jina la utoto, na hupewa nafasi ya kusema. Lakini kijana mwenye usonji hutahiriwa kama wenzake, kisha hurudishwa utotoni siku ile ile. Watu huzungumza juu yake akiwa ameketi papo hapo. Huulizwa mama yake, “Huyu anakula nini?” naye ana kinywa na tumbo lake mwenyewe. Hata asiyesema husikia. Kukosa maneno si kukosa akili.

Nasi tusiwasahau mabinti. Wengi wao hujifunza kuiga wenzao: namna ya kucheka, namna ya kuitikia, namna ya kukaa na wageni. Kwa hiyo hawatambuliwi. Lakini kuiga kutwa nzima huchosha kuliko kulima, na wengi huishia katika huzuni kubwa na hofu isiyo na jina. Akiolewa, kelele za nyumba ya watu wengi humzidi, akajifungia; ndipo husemwa kwamba hapendi wakwe. Mama wakwe waliopo hapa, nawaombeni mwulizeni binti kwanza, kabla ya kumhukumu.

Je, siku njema ya mtu huyu ni ipi? Si jambo kubwa. Ni kuamka akijua kazi ya leo. Ni kuambiwa jana kwamba leo wageni watakuja. Ni kwenda sokoni asubuhi kabla kelele hazijawa nyingi. Ni kupewa agizo moja kwa maneno ya wazi: si “angalia angalia ng'ombe”, bali “wapeleke ng'ombe mtoni saa nne, uwarudishe saa sita.” Ni kuwa na mahali pa kimya pa kupumzikia, hata kama ni chini ya mti nyuma ya ghala. Na ni kuwa na kazi ambayo tabia yake huifanya vema. Mwenye kupenda kupanga vitu atachagua vitunguu kwa ukubwa wake bila kukosea. Mwenye kupenda hesabu atajua magunia yaliyotoka na gorogoro zilizouzwa. Lakini fedha apewe yeye mkononi, kwa kiasi kile kile apewacho mwingine. Kumlipa kwa chakula tu ni kumdhulumu.

Yako pia mambo ya hatari. Kumfunga kamba au kumfungia chumbani kunamharibu. Kumpeleka kwa mwombezi au mganga amchape ili pepo atoke ni ukatili, na fedha hupotea bure. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, nacho kina dawa hospitalini, asinyimwe kwa kusema, “Ndivyo alivyo.” Kadhalika mlima wetu unakumbuka miaka ya 2006 hadi 2008, wakati mtu alipotakiwa kujibu upesi, na kukawia kujibu kulikuwa hatari. Mtu asiyeweza kujibu upesi yafaa ajulikane mapema kwa chifu na kwa polisi, kukiwa na amani.

Sheria iko upande wake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na asiitwe kwa majina ya kumdharau. Basi yale majina ya “kichaa” na “zuzu” hayavunji adabu tu, yanapingana na Katiba. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Kitaifa la kuwaandikisha, na Bunge likatunga sheria mpya mwaka 2025. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimtoi mtoto katika urithi kwa sababu ya ulemavu wake.

Hapo ndipo penye uzito. Mzee akifariki, wana hugawana shamba, na yule mwenye usonji huambiwa, “Wewe utakula kwa kaka yako.” Kaka huyo huweza kuwa mwema. Lakini huweza kuuza, au kufa, au kuoa mke asiyemtaka. Na yule aliyezoea njia moja, mti mmoja na mlango mmoja kwa miaka arobaini, huondolewa kwa siku moja. Kwake hasara hiyo ni kubwa kuliko ekari zenyewe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi matatu. La kwanza, daftari yetu iwe na ukurasa wa watu wazima wenye usonji na wengine wa namna hiyo, kwa ridhaa yao na ya nyumba zao, na Chama kiwasaidie kufika hospitalini kupimwa ili waandikishwe. La pili, kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii atamke mbele ya wazee, akiwa hai na mwenye nguvu, sehemu ya shamba iliyo yake, aandike wosia, na ataje mdhamini wa kumtunzia. Na wazee wakiulizwa habari za ardhi inayouzwa, kabla ya Bodi ya Ardhi kutoa kibali, waulize nao: “Yule mwingine yuko wapi, na amepewa nini?” La tatu, katika kazi za Chama, kama kupanga viti, kuhesabu vyombo na kutunza ghala, wapewe nafasi na malipo yao.

Wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hatuombwi kuwapa watu hawa mbawa zetu. Tunaombwa tusizikate zao, na tusiwauzie mti wanaotua.