Asiye na Nyumba Wakati wa Janga
Mwezi Machi 2020, Kenya ilipotangaza kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, ili kuzuia korona, familia za mitaani jijini Nairobi hazikuwa na mlango wa kufunga. Hata karantini, yaani kumtenga aliyekutana na mgonjwa hadi ijulikane kama ameambukizwa, huhitaji chumba, maji na chakula. Anayelala kwenye kibaraza cha duka hana hata kimojawapo, na kumfukuza, ambako ni dhuluma, humsukuma tu kwenye msongamano mwingine. Mlipuko wa ugonjwa ukizuka, msikilizaji asimfukuze asiye na nyumba: ampe maji safi, sabuni na barakoa, na akimwona anakohoa au ana homa, amwarifu mhudumu wa afya ya jamii. Asifukuzwe, apewe maji na sabuni, aitiwe mhudumu.