Kujitayarisha kwa Mtihani wa Shule ya Sheria
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Karagita)



Leo hatusemi habari ya mshahara. Twataka kusema habari ya watoto wetu, na ya wenzetu wa mashamba ya maua, wanaotaka kuwa mawakili. Kila tukienda Nakuru kwenye Mahakama ya Kazi twatafuta wakili wa kutusemea. Je, kwa nini asitoke Karagita?

Zamani za wakoloni Mwafrika hakuwa na mahali pa kusomea uwakili humu nchini. Bwana Argwings-Kodhek, wakili Mwafrika wa kwanza wa Kenya, alisomea Uingereza. Shule ya Sheria ya Kenya ilianzishwa mwaka 1963. Mlango upo, lakini una kufuli.

Digrii ya sheria peke yake haitoshi. Sheria ya shule hiyo ya mwaka 2012 ilitaja alama za Kidato cha Nne, yaani wastani wa C+, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Ikataja tena mtihani wa kuingilia. Maneno yake yamebishaniwa hata mahakamani. Kwa hiyo mwombaji aulize shule yenyewe, apewe masharti kwa maandishi, kabla ya kulipa karo ya chuo kikuu. Mmoja wetu alimsomesha binti yake miaka minne kwa fedha za saa za ziada, ndipo akasikia habari ya alama ya lugha. Hakuna aliyemwambia mapema, na sisi wenzake hatukujua. Basi matayarisho yaanze Kidato cha Kwanza, na mtoto anayeshika Kiswahili kwa bidii asichekwe.

Na aliyekwisha kufika kwenye mtihani, asikariri tu. Achukue kifungu kimoja kila usiku. Mfano, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kabla ya kumfukuza mtu kwa makosa ya kazi, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Sasa ajiulize: mambo gani yametokea? Swali ni nini? Sheria yasemaje? Basi jibu ni lipi? Aandike kwa mkono, saa ikiwa mezani, kisha mwenzake asahihishe. Kazi hii sisi twaijua, maana mjumbe wetu huifanya kila anapoitwa ofisini kumtetea mtu.

Twajua chumba kimoja cha watu watano hakina pa kusomea. Kwa hiyo twaomba ofisi ya chama ifunguliwe Jumapili alasiri, iwe na meza, taa na nakala za sheria. Wenye watoto wapeleke majina kwa katibu.

Ndugu, aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Tumpate wakili aliyewahi kukivaa chetu.

Umoja ni nguvu.