Malori ya Jirani Yanapolala Njiani



Mtu asafiriye usiku katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma huyaona malori yamelala pembeni kwa safu ndefu: Vigwaza, Mikumi, Ilula, Makambako, na hasa Mpemba, karibu na mpaka wenyewe. Mengi yana namba za Zambia, za Kongo na za Malawi. Yashukapo hubeba shaba. Yapandapo hubeba mbolea, mashine na mafuta. Dereva amelala kitandani nyuma ya kiti chake, utingo amejilaza chini ya tela. Katika saa hizo, saa nane au saa tisa za usiku, mwizi wa mafuta huja na mpira wake na madumu yake.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu wizi huo. Twayaelekeza hasa kwa ndugu zetu wa Jeshi na wa Polisi, kwa kuwa jambo hili huonekana dogo sana linapoandikwa katika kitabu cha taarifa cha kituo, ilhali ndani yake mna heshima ya nchi yetu mbele ya majirani.

Tusisahau historia ya njia hii. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa bandia, na mwezi uliofuata mafuta ya Zambia, ambayo yalikuwa yakipitia kwao, yakakatwa. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ijitawale. Ikawa mafuta yake yapelekwe kwa ndege, na kwa malori yaliyopakia mapipa kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, ambayo madereva waliifananisha na Jehanamu. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, halikufunguliwa mpaka mwaka 1968. Katika miaka ile pipa moja lililofika salama lilihesabiwa kuwa sehemu ya mapambano ya ukombozi. Mafuta ya jirani yalikuwa amana mikononi mwetu, nasi hatuoni sababu ya kuyaita jina jingine leo.

Sasa tufanye hesabu. Lori la tela lenye mzigo kamili hutumia lita 40 hadi 50 za dizeli katika kila kilomita 100. Mwizi mwenye madumu matatu ya lita 20 huondoka na lita 60 kwa dakika chache. Hizo ni zaidi ya mwendo wa kutoka Mbeya hadi Tunduma. Kama mshale wa mafuta ni mbovu, na katika malori makuukuu mara nyingi ni mbovu, dereva hatajua lolote mpaka injini ikohoe.

Nayo yaweza kukohoa katika kona za mlima wa Kitonga. Hapo ndipo dumu tatu zinapogeuka kuwa hatari kwa watu ambao hawakuwahi kumwona mwizi. Injini ya dizeli iliyoishiwa mafuta huvuta hewa. Hata ukiijazia upya tangi yake haiwaki mpaka hewa hiyo itolewe, na si kila dereva ajuaye kuitoa gizani. Injini ikizimika usukani huwa mzito, wala upepo wa breki hauongezwi tena. Lori lenye tani 30 za mzigo linaziba njia, mabasi yanapanga foleni nyuma yake, na askari wa usalama barabarani wanaitwa kwa shauri lililoanza usiku uliopita mahali pengine kabisa.

Zipo njia za kujikinga, na nyingi hazihitaji fedha nyingi. Kufuli imara katika kifuniko cha tangi humchelewesha mwizi. Wavu wa chuma ndani ya mdomo wa tangi huuzuia mpira usipite. Wenye uwezo wamefunga vipima mafuta vinavyompasha tajiri habari kwa mitambo ya setilaiti mara tangi inapopungua ghafla. Lakini mwizi aliyezuiwa juu huenda chini: hufungua nati ya kumwagia mafuta, au hutoboa tangi, akachota lita 20 na kumwaga 100 ardhini. Kwa hiyo mahali pa kulaza lori ni muhimu kuliko kufuli. Malori mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, matangi yakitazamana na nafasi ndogo katikati, hujilinda yenyewe. Lori lililosimama peke yake kichakani, kwa kuwa dereva aliukimbia ushuru wa maegesho, halina mlinzi. Askari aliyepata kuongoza msafara anaijua kanuni hii. Kikosi kinapopiga kambi, magari hupangwa na zamu hutajwa kabla sufuria haijawekwa jikoni.

Hapana budi kusema pia jambo lisilopendeza. Si mafuta yote yaliyopotea yaliyoibwa na wageni wa usiku. Wapo madereva wayauzao wenyewe, kisha wakapiga yowe la mwizi asubuhi. Lakini wapo matajiri nao wasioandika kilomita wala lita, ambao kila upungufu huukata katika posho ya dereva bila kuuliza. Dereva aliyekatwa mara tatu kwa wizi asioufanya, sisi hatustaajabu sana akiufanya mara ya nne, ingawa hatumsamehi.

Na wote hao, dereva mwovu na mwizi wa nje, humtegemea mtu mmoja: mnunuzi. Dizeli hailiwi wala haifichiki kwa urahisi. Yanuka, yachafua, na sharti iuzwe upesi. Yule mwenye madumu yaliyopangwa nyuma ya kibanda, auzaye chini ya bei ya kituo cha mafuta, hakuipata dizeli yake bandarini. Kanuni ya Adhabu yetu inalitambua kosa la kupokea mali ya wizi. Doria inayomfukuza kijana mwenye mpira na kumwacha mnunuzi amelala usingizi itamfukuza kijana mwingine kesho.

Dereva wa kigeni afikapo kituoni kushtaki, asikilizwe. Yule atokaye Lubumbashi huzungumza Kiswahili, ingawa chake kina ladha nyingine. Mzambia pengine hakijui. Asiambiwe kwamba lita 60 ni kitu kidogo. Iandikwe namba ya lori, saa, mahali, na kilomita zisomekazo katika dashibodi, ili tajiri wake naye apate ushahidi. Vijana wetu pia hulala ugenini, katika foleni za Kasumbalesa na mbali zaidi. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walipotekwa na wapiganaji wa Mai-Mai katika Kivu Kusini, askari wa Kongo ndio waliowakomboa.

Jambo moja zaidi kwa walio kazini usiku huu. Dizeli haishiki moto upesi, na hilo limewapa watu ujasiri wa kuchota mafuta ya kila namna. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya watu kukimbilia kuchota petroli ya lori lililopinduka. Wakenya walikuwa wameyaona hayo Sachangwan mwaka 2009, na Wakongo huko Sange mwaka 2010. Kwa hiyo askari afikaye penye mafuta yaliyomwagika asijaribu kwanza kukisia ni mafuta gani. Awaondoe watu na kuzuia sigara, kisha ndipo aulize.

Na pitapo doria katikati ya malori yaliyolala, mtazame chini. Udongo uliolowa chini ya tangi wakati mvua haikunyesha, kifuniko kinachoning'inia kwa mnyororo wake, pikipiki isiyowasha taa iliyopakia madumu. Mkiyaona hayo, mwamsheni dereva akague tangi lake kabla hajawasha injini.