Usalama wa Fundi wa Deki za Video: Fyuzi Iliyoungwa Waya na Madhara Yake

Mada niliyopewa ni matengenezo salama ya vifaa vya kurekodia video majumbani. Vifaa hivyo ni deki za kaseti, hasa za VHS, pamoja na kamera za mkononi zinazotumia kaseti ndogo na chaja zake. Matengenezo ni kusafisha, kubadilisha spea na kurekebisha. Usalama ni wa watu watatu: fundi aliye mezani, mwenye deki huko nyumbani kwake, na fundi mwingine atakayeifungua deki hiyo baadaye. Haya kila aliyepo hapa anayafahamu, nami sitayarefusha.

Yapo maswali halali kuhusu sababu ya kuzungumzia deki leo. VHS ilitolewa na JVC mwaka 1976, na Funai ya Japani, kiwanda kikubwa cha mwisho kutengeneza deki hizo, kilifunga uzalishaji Julai 2016. Lakini kwa Tanzania Bara deki ina historia yake. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984 kwa wenye fedha zao za kigeni, deki zilianza kuingia sebuleni, na hapo ilikuwa imebaki miaka kumi kabla ya vituo vya kwanza vya televisheni vya Bara kuanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa familia nyingi za Mwanza, Sengerema na Ukerewe, harusi, kipaimara na misiba ya miaka ile imebaki kwenye kaseti tu. Watoto wa harusi hizo sasa ni watu wazima, wanataka picha za wazazi wao zihamishiwe kwenye flashi. Kwa hiyo deki inatolewa juu ya kabati ilikolala miaka mingi, inaletwa kwa fundi, na fundi anaombwa aiamshe. Kazi zimepungua kwa idadi, lakini kila kazi ina hatari kubwa kuliko zamani, kwa sababu kila deki inayoletwa ni nzee, kapasita zake zimekauka, na karibu zote zimeshapita mikononi mwa mafundi wengine.

Hatari ndogondogo nitazipitia haraka. Kaseti iliyokaa kwenye unyevu wa Ziwa Victoria huota ukungu. Itazame kwenye kidirisha chake: ukiona unga mweupe ukingoni mwa mkanda, usiitumbukize kwenye deki, maana ukungu utahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenda kwenye kaseti ya mteja mwingine. Isafishe mbali na meza ya kazi, ukiwa umefunika pua na mdomo. Hedi husafishwa kwa kuushika mraba wa ngozi laini yenye spiriti bila kuusogeza, huku ngoma ikizungushwa polepole kwa mkono; anayesugua juu na chini huvunja ncha za hedi. Spiriti ikae mbali na pasi ya kulehemu. Televisheni ya chogo ina volti zaidi ya elfu ishirini kwenye bomba la picha, na asiyefundishwa kuitoa chaji asiifungue. Deki zenye sehemu ya DVD zina mwali wa leza, kwa hiyo usiisogezee lenzi jicho. Yote haya yamo kwenye vitabu na yanaweza kufundishwa kwa siku moja.

Lisiloondoka, pamoja na kusemwa katika mafunzo mengi, ni fyuzi iliyoungwa waya. Jambo hili nimelitengea sehemu kubwa ya mada kwa makusudi. Kwenye ubao wa umeme wa deki, mara tu waya wa soketi unapoingia, kuna kishikizo cha fyuzi ndogo ya kioo, na pembeni yake kumeandikwa kiwango, kwa mfano T1.6A 250V. Herufi T maana yake fyuzi hiyo huvumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. F maana yake hukatika papo hapo. Deki nyingi zilizoletwa kutengenezwa hazina tena fyuzi hiyo. Utakuta uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa kawaida, umezungushiwa kioo kilichoungua na kulehemiwa miguuni, au utakuta kishikizo chenyewe kimeondolewa na laini kupigwa dairekti. Mwenye deki hajui. Anaona picha inatoka, analipa, anaondoka.

Tuupime uzi huo kwa hesabu. Waya laini wa kawaida wenye eneo la milimita mraba 0.75 una nyuzi 24, kila mmoja ukiwa na unene wa milimita 0.2. Uzi mmoja wa unene huo unahitaji takriban ampia 7 ndipo uyeyuke. Deki ya VHS inayocheza hutumia takriban wati 20, yaani chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya ampia. Basi uzi mmoja wa shaba unaruhusu zaidi ya mara nne ya kiwango cha fyuzi ya ampia 1.6, na zaidi ya mara sabini ya mahitaji halisi ya deki. Fundi akisokota nyuzi mbili “ili zidumu,” amevuka hata ampia 13 za fyuzi iliyo ndani ya plagi. Hapo ndani ya deki hakuna kinga tena. Chukua hitilafu ya kati, isiyo shoti kamili, inayovuta ampia 3. Fyuzi sahihi ingekatika. Uzi wa shaba hautasikia kitu, na ndani ya boksi la plastiki kutakuwa na joto la wati 690, kama pasi iliyoachwa imewaka kabatini. Na tusisahau kwamba kitufe cha kuwashia cha deki hakikati umeme wa soketi. Saa inapowaka usiku familia imelala, sehemu ya praimari ina umeme wote. Uzi ukifika mahali pa kuyeyuka nao huyeyuka peupe, ukirusha matone ya shaba juu ya ubao, kwa sababu hauna kioo cha kuuzuia.

Hoja ya kwanza inayotolewa kutetea uzi huo ni umeme wenyewe. Husemwa kwamba umeme wetu hupanda na kushuka, radi za ziwani ni nyingi, na fyuzi halali ingeungua kila wiki, mteja akarudi na malalamiko. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku, na umeme unaporudi baada ya kukatika huja na msukosuko. Lakini hitimisho halifuati. Fyuzi iliyoungua ni taarifa, na taarifa hiyo husomeka kwa macho. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha, ilikuwa shoti nzito: transista ya kukatakata umeme, daiodi mojawapo kati ya zile nne za kunyoosha umeme, au varista iliyojitoa mhanga kwa ajili ya radi. Kioo kikiwa safi na uzi wa ndani umekatika katikati tu, huenda ni uchovu au mzigo uliozidi kidogo. Hali ya kwanza inamtaka fundi apime spea kabla ya kurudisha umeme. Anayefunga waya mahali pake amechana barua kabla ya kuisoma, na deki ile ikipokea radi ya pili, kilichopaswa kuungua kwa thamani ya fyuzi kitaunguza ubao mzima. Kama tatizo ni umeme, dawa ni kubadilisha varista iliyokufa na kumshauri mteja achomoe plagi anapoona wingu. Kama deki ni ya volti 100 kutoka Japani iliyochomekwa kwenye volti 230, dawa ni transfoma ya kushusha, wala si waya mnene zaidi.

Hoja ya pili ni ya usalama wa fundi mwenyewe, nayo ina utata zaidi. Wapo wanaosema fyuzi hailindi mkono, inalinda kifaa, hivyo tusiihusishe na ajali mezani. Ni kweli fyuzi haiwezi kumwokoa aliyeshika laini, kwa sababu mkondo unaoweza kuua ni mdogo mno kuliko ule unaokata fyuzi. Hata hivyo uhusiano upo, na unapitia kwenye kapasita kubwa ya volti 400. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi nne, kapasita hiyo hujaa hadi takriban volti 325. Ikiwa ni ya mikrofaradi 100, inabeba zaidi ya jouli 5. Deki iliyounguza fyuzi kwa shoti ya transista mara nyingi imeshajitoa chaji, kwa sababu shoti ile ile imeimaliza. Deki hatari kuliko zote ni ile iliyo kimya kabisa huku fyuzi yake nzima. Hapo mara nyingi rezista ya kuanzishia imekatika, transista haifanyi kazi, na kapasita imejaa bila kitu cha kuimaliza hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi mzoefu huipambanua deki hiyo kwa kupima fyuzi tu. Lakini palipo na waya mahali pa fyuzi, dalili hiyo imefutwa. Shoti na ukimya vinafanana, na fundi wa pili anaingiza vidole akidhani hakuna kitu. Kwa hiyo aliyeunga waya amehatarisha mkono wa mwenzake asiyemjua.

Tatu, wapo wanaotegemea vifaa vingine. Stebilaiza hutajwa sana. Stebilaiza nyingi za madukani zina transfoma yenye msokoto mmoja, kwa hiyo hazitenganishi chochote. Anayegusa praimari ya deki iliyochomekwa kwenye stebilaiza hiyo amegusa laini. Swichi ya kinga inayokatika kwa miliampia 30 ni nzuri na kila karakana iwe nayo, lakini hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ukishika laini kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwake wewe ni mzigo kama balbu. Na chaji ya kapasita haiioni kabisa. Balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na deki huzuia spea mpya zisiungue wakati wa kujaribu, na ikiwaka kwa nguvu inakwambia shoti ipo. Hata hivyo hailindi mwili. Kinacholinda ni transfoma ya kutenganisha, msokoto wa kuingilia ukiwa mbali na wa kutolea, na fundi kutumia mkono mmoja.

Hoja ya mwisho ni ya gharama na uzoefu: kwamba fyuzi sahihi hazipatikani kwa urahisi, na kwamba watu wameunga waya miaka mingi bila kudhurika. Fyuzi za kioo ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika kazi yetu, na zikikosekana ni kwa sababu hatuziulizi. Ama uzoefu, aliyeunga waya hawezi kujua madhara yake, kwa kuwa deki ikiwaka moto haiwaki mezani kwake. Inawaka Igoma au Nansio, na hakuna anayerudi kumwambia.

Mapendekezo, ambayo mengine yanarudia niliyokwisha kusema kwa sababu yanastahili kurudiwa. Kila fundi awe na fyuzi za T na F za viwango vya kawaida kabla ya kuwa na spea nyingine yoyote. Asiunge waya kwa hali yoyote, hata kwa majaribio ya dakika moja, kwani majaribio ya dakika moja ndiyo yanayosahaulika na kufungiwa ndani. Achomoe plagi, si kuzima swichi, kisha aitoe chaji kapasita kubwa kwa rezista ya kilo-ohm 2.2 ya wati 5 yenye miguu iliyofunikwa, aishike sekunde tano, halafu apime kwa mita. Asitumie bisibisi, kwa sababu cheche yake huharibu ubao na jicho. Apime fyuzi kwanza na aandike alichokuta. Mita ya kupimia praimari iwekwe waya wake wa chini kwenye hasi ya kapasita ile, si kwenye bati la deki. Kapasita ndogo zinazovuka kati ya praimari na sekondari zibadilishwe kwa za aina yake tu. Karakana ziwe na transfoma ya kutenganisha hata kwa kuchangia watatu, na pasiwe na fundi anayefanya kazi ya umeme mkali akiwa peke yake.

Kwa vyuo vya ufundi, na hasa VETA ambao wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, naomba jaribio la vitendo liwe na swali la fyuzi: mtahiniwa apewe deki yenye uzi wa shaba, na aliyeuacha asifuzu. Kwa mamlaka za usalama mahali pa kazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo. Si nafasi ya mada hii kusema ni ofisi ipi iikague karakana ya mlango mmoja, lakini swali hilo lisiendelee kuhamishwa kutoka meza moja hadi nyingine, kama ambavyo limekuwa likihamishwa. Kwa wauza spea wa mjini, fyuzi zikae mbele ya kaunta. Kwa wenye deki, ombeni mwonyeshwe fyuzi kabla kifuniko hakijafungwa. Narudia kwa mafundi: fyuzi, kisha chaji ya kapasita, kisha spea.

Kesho asubuhi mnapofungua maduka, naomba muanze na deki zilizokwisha kutengenezwa na ambazo hazijachukuliwa. Fungueni kila moja, na popote mtakapokuta waya kwenye kishikizo cha fyuzi, ukateni kabla mteja hajafika.