BREKI HUTOA KHABARI KABLA YA KUSHINDWA

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali, madereva, mafundi na wananchi wenye vyombo vya moto





Mazungumzo yetu yanahusu kitu ambacho kila mmoja wetu hukiamini bila ya kukiona, nacho ni breki ya gari. Mwenye gari huiamini, abiria huiamini, na mtoto anayevuka njia kwenda skuli huiamini kuliko wote, ingawa hamjui dereva wala hajapata kuiona gari yenyewe.

Linapotokea la kutokea, aghlabu tunasikia kauli moja tu: "Breki zilikataa ghafla." Kauli hii imekuwa udhuru unaofunga mazungumzo yote, kana kwamba hakuna aliyeweza kufanya lolote. Nia yangu leo ni kulitazama hilo neno "ghafla". Wenye gari wanapokaa wakahadithia yaliyowapata, na fundi akawasikiliza kwa makini, huonekana kuwa breki nyingi zilizoshindwa zilitangulia kutoa khabari. Khabari ilifika kwenye mguu, kwenye sikio au kwenye pua ya dereva. Ama haikumfikia mwenye uwezo wa kuifanyia kazi, ama ilimfikia naye akaiambia isubiri.

BREKI INAVYOFANYA KAZI

Tuanze na chombo chenyewe. Katika gari ndogo nyingi tulizonazo, mguu ukikanyaga pedali husukuma pistoni iliyomo ndani ya masta silinda. Pistoni nayo husukuma mafuta ya breki yapite katika mabomba membamba na mipira mpaka kwenye magurudumu, na huko pedi hubana diski, au brekishuu hutanuka zikabana dramu. Nguvu ya mguu hubebwa na mafuta hayo kwa sababu kitu cha maji hakikubali kushindiliwa. Hewa na mvuke hukubali. Kwa hivyo hewa ikiingia katika bomba, au mafuta yakichemka yakageuka mvuke, mguu huwa unakanyaga upepo.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, na ndiyo maana gari za leo huwa na njia 2 za mafuta zilizotenganishwa, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Breki zote kutoweka kwa mara moja, bila ya dalili yoyote iliyotangulia, si jambo la kawaida.

Sisi watu wa visiwani tuna sababu ya ziada ya kuchukua hadhari. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevunyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevunyevu mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi; yakishanyonya maji kufikia kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa huwa 140 tu. Kwa mafuta ya DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Gari iliyosheheni inayoteremka vilima vya Pemba, dereva akiwa hauondoi mguu kwenye breki, huweza kuyapasha moto mafuta machakavu hadi yakachemka. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila miaka 2, hata kama gari haikutembea sana. Fauka ya hayo, chumvi ya bahari hula mabomba ya chuma yaliyo chini ya gari, mahali ambapo mwenye gari hapatazami.

KHABARI ZINAVYOFIKA

Yuko mwenye gari ya abiria aliyenihadithia kuwa pedali yake ilikuwa ikizama taratibu kila aliposimama kupakia. Akikanyaga mara ya pili hupanda tena, basi akazoea kukanyaga mara mbili, na utingo wake akazoea kumwona akifanya hivyo. Kwa muda wa wiki kadhaa ugonjwa ule waliufanya kuwa tabia ya gari. Alipofika kwa fundi, ilionekana mpira wa ndani ya masta silinda umekwisha, na mafuta yanarudi nyuma badala ya kwenda kwenye magurudumu. Alhamdulillahi, alifika kwa fundi kabla ya kufika pengine.

Maneno hasa ya kuyashika katika hadithi hiyo ni "akazoea". Gari haisemi kwa lugha yetu, lakini ina lugha yake, na kila dalili ina maana yake:

Pedali inayozama polepole chini ya mguu ni alama ya kuvuja, ama ndani ya masta silinda ama katika mabomba. Pedali laini, inayobonyea kama sponji, ni alama ya hewa au maji ndani ya mafuta. Pedali ngumu isiyokubali kushuka ni alama kwamba busta haifanyi kazi. Mlio mkali wa chuma unapokanyaga, aghlabu, ni pedi zilizokwisha. Zipo zilizotiwa kipande cha chuma makusudi ili kilie kabla hazijamalizika. Gari inayovuta upande mmoja ina gurudumu moja linalobana na jengine lisilobana. Harufu ya kuungua baada ya mteremko ni breki iliyopata moto kupita kiasi. Taa nyekundu ya breki inayowaka wakati breki ya mkono imeshateremshwa ni amri ya kusimama. Kuiondoa taa ile isionekane ni sawa na kumziba mdomo shahidi.

Kwa wenye malori makubwa yanayotumia breki za upepo, dalili ni mshale wa upepo unaochelewa kupanda au unaoshuka gari ikiwa imesimama. Maji yanayojikusanya katika matangi ya upepo yanatakiwa yamwagwe kila siku. Kazi hiyo haichukui hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

MALALAMIKO YA WENYE GARI YANA THAMANI

Wako wanaodhani kuwa malalamiko ya mwenye gari ni maneno ya mtu asiyejua ufundi. Napenda nitoe mifano 2 inayojulikana dunia nzima, nayo inatuhusu kwa sababu nyingi ya gari zinazotembea katika barabara zetu zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika.

Baada ya gari ya Toyota Prius ya umbo jipya kuanza kuuzwa mwaka 2009, wenye gari hizo huko Japani na Marekani walianza kueleza jambo moja: wakikanyaga breki taratibu katika njia yenye mashimo au utelezi, huhisi kama breki imeachia kwa kitambo kifupi sana, kisha ikashika. Malalamiko yaliyoifikia idara ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara yalizidi 100, na mapema Februari 2010 idara hiyo ikafungua uchunguzi. Tarehe 9 Februari 2010 kampuni ilitangaza kuziita gari zaidi ya 400,000 duniani ili kurekebisha programu ya kompyuta inayoongoza mfumo wa ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kufunga. Kasoro ile haikuonekana kwa macho. Hapakuwa na bomba lililopasuka wala pedi iliyokwisha. Ilijulikana kwa sababu watu wa kawaida walieleza kwa ufasaha nini kilitokea, wapi, na njia ilikuwa katika hali gani.

Mfano wa pili ni wa Oktoba mwaka huo huo wa 2010. Kampuni hiyo iliita tena gari zaidi ya milioni 1, nyingi zikiwa Marekani na Japani, kwa kasoro ya mpira wa masta silinda na, kwa baadhi yake, kasoro ya pampu ya petroli. Ilielezwa kuwa mpira ule huweza kukauka na kujikunja yakitiwa mafuta ya breki yasiyo na viungo vya kuulainisha, kisha mafuta yakavuja kidogo kidogo. Taa ya hadhari huwaka kwanza; anayeipuuza akaendelea kutembea hukuta pedali inalegea. Hapa tena, khabari ilitangulia.

Sasa tujiulize: barua ya kuiita gari hupelekwa kwa nani? Hupelekwa kwa mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari katika nchi ile. Gari ikishafutwa katika daftari la Japani ikapakiwa melini kuja kwetu, barua haipandi meli pamoja nayo. Aliyeinunua hapa huweza kutembelea miaka mingi gari iliyokwisha kuitwa bila ya yeye kujua. Tiba ipo, nayo haina gharama kubwa. Chukua nambari ya chesi, uitafute katika ukurasa wa mtengenezaji kwenye intaneti, au mwombe wakala aliyekuuzia akutafutie kabla hujamaliza kumlipa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa dereva: kila asubuhi, kabla ya kuondoka, tazama kiwango cha mafuta ya breki, tazama chini ya gari na upande wa ndani wa magurudumu kama pana majimaji, kisha kanyaga pedali uisikilize. Mafuta yakipungua, usiridhike kuyajaza tu, bali uliza yamekwenda wapi. Usizime injini wala usitie nyutro kwenye mteremko kwa ajili ya kubana petroli. Injini ikizimwa, busta hubakiwa na nguvu ya mikanyago michache tu, na usukani huwa mzito.

Kwa fundi: usitie mafuta ya injini katika breki, kwani huvimbisha mipira na kuiharibu. Usizibe bomba la gurudumu moja ili gari iondoke "kwa leo", maana leo hiyo hurefuka. Mwambie mwenye gari ukweli, hata kama atakasirika akaenda kwa mwengine.

Kwa mwenye gari: pedi za bei ndogo zisizojulikana zilikotoka si nafuu. Hesabu ya chombo cha biashara ianze kwenye breki kabla ya rangi na redio. Na dereva anapokuletea khabari ya pedali, usimjibu kwa kumuuliza hesabu ya siku.

Kwa sisi watumishi wa Serikali, maneno yangu ni mazito kidogo. Dereva wa ofisi hutoa taarifa ya kasoro kwa mdomo, na jawabu huwa "nenda kwanza ukamchukue Mkurugenzi, tutaangalia baadaye." Tunawanasihi madereva waandike kasoro katika kitabu cha safari pamoja na tarehe, na wakuu wa usafiri waitie saini. Taarifa iliyoandikwa haiwezi kusahauliwa. Hapana kikao chenye umuhimu wa kumlazimisha dereva atoe gari ambayo mwenyewe amesema haina breki; na mkubwa anayelazimisha akumbuke kuwa naye amekaa kiti cha nyuma cha gari hiyo hiyo.

Kwa abiria: mna haki ya kuuliza na mna haki ya kuteremka. Mkiona chombo kinahatarisha watu, toeni taarifa kwa askari wa usalama barabarani kwa kueleza nambari ya gari, mahali, saa na mlichokiona. Malalamiko yenye maelezo kamili ndiyo yanayofanyiwa kazi.

IKITOKEA NJIANI

Pamoja na hadhari zote, huenda mtu akakutwa na msiba huo. Pedali ikizama, ikanyage haraka haraka mara kadhaa, kwani huenda ikajenga nguvu kidogo. Punguza gia hatua kwa hatua ili injini ishike gari. Vuta breki ya mkono taratibu, usiipandishe kwa mkupuo, maana magurudumu ya nyuma yakifunga gari huzunguka. Piga honi na uwashe taa za hadhari. Usizime injini mpaka gari isimame. Tafuta mpando, mchanga au vichaka, mbali na watu.

Na kinga iliyo bora kuliko zote ni mwendo. Mwendo ukiongezeka mara 2, kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, masafa ya kusimamia tangu breki iliposhika huongezeka mara 4. Kwa kilomita 60, gari hutembea karibu mita 17 katika sekunde 1 tu, kabla hata mguu haujafika kwenye pedali.

Ndugu zangu, gari iliyobeba watu ni amana, na mwenye amana huulizwa. Nawaomba kila mmoja wetu, kabla ya jua kuchwa leo, amuulize dereva wake au ajiulize mwenyewe: mafuta ya breki ya gari hii yalibadilishwa lini? Asiyekuwa na jawabu ameshapata kazi ya kesho asubuhi. Tahadhari kabla ya hatari.