Lori la Zamani Likataapo Kuwaka

Hapa Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, njia kuu iendayo Kondoa yapita karibu nasi, na sisi tulio katika kazi ya kuwafundisha walimu twaona mengi yapitayo. Yasiyopita nayo twayaona: lori kuukuu limesimama chini ya mbuyu, boneti imeinuliwa, watu watano wameinama juu ya injini, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu asema betri imekufa. Yule asema ni plagi. Wa tatu amekwisha kushika spana. Basi leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jinsi ya kutafuta ubaya wa umeme katika lori la namna hiyo pasipo kubahatisha.

Twasema habari za lori la petroli. Malori mengi ya siku hizi ni ya dizeli, na injini ya dizeli haina koili wala plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Mtu akitaka kukuuzia plagi za cheche kwa lori lako la dizeli, mwache aende zake. Lakini Bedford za zamani za petroli, na Land Rover za siku zile, hazijatoweka zote. Umeme wake wafuata njia ile iliyotengenezwa Marekani na Charles Kettering, ambaye kianzishio chake cha umeme kilitiwa katika motakaa za Cadillac mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walizungusha injini kwa hendeli, na wengine walivunjwa mikono nayo.

Nchi yetu hii ya uwanda wa kati si rafiki wa mitambo. Wakati wa mradi wa karanga wa Kongwa, kuanzia 1947 hata 1951, yalitumika huko malori mengi yaliyokuwa yametumika vitani, na vumbi na ardhi ngumu viliyatesa sana. Siku hizi njia kuu ya Kondoa ina lami, lakini lori la mkulima halikai katika lami. Huingia mashambani kuchukua uwele, mtama na alizeti, na vumbi huingia pamoja nalo katika kila kiungo cha waya.

Sasa tazameni umeme upitavyo. Watoka katika betri, wapita katika swichi, wafika koili, waenda kwa platini zilizo ndani ya distribyuta, kisha warudi kwenye betri kwa njia ya chuma cha injini na fremu. Sharti urudi, umeme usio na njia ya kurudi haufanyi kazi yo yote. Platini zifungukapo ghafula, koili huzigeuza zile volti 12 za betri kuwa zaidi ya 10,000, na nguvu hiyo hupita katika waya mnene na rota hata plagi, ikaruka kama cheche. Ni kama bomba la maji litokalo kisimani hata kijijini. Maji yakikosekana bombani, mwenye akili haanzi kuchimba kisima kipya. Hulifuata bomba hatua kwa hatua, akaona ni wapi maji yalipo na ni wapi yanapokoma.

Washa taa za mbele, kisha jaribu kuzungusha injini. Taa zikififia sana na injini isizunguke, betri haina nguvu, au viungo vyake ni vibaya. Usikimbilie dukani. Gusa vichwa vya betri kwa kidole baada ya kujaribu: kilicho cha moto ndicho chenye kiungo kibaya. Kifungue, uondoe ule unga mweupe kwa maji yenye magadi kidogo, ukiangalia yasiingie ndani ya betri, ukwangue hata risasi ing'ae, ukaze, na kupaka grisi. Ufanye vivyo hivyo kwa waya wa athi, yaani ule uungao betri na fremu, na ule mwingine uungao fremu na injini. Waya huu husahauliwa kuliko nyaya zote. Tumepata kuona mwenye lori akinunua betri mbili katika mwaka mmoja, na ubaya wote ulikuwa kutu ya upana wa shilingi chini ya nati ya athi. Fedha za betri moja zingalilipa karo ya mtoto wake.

Katika kiangazi chetu kirefu maji ya betri hupungua upesi. Ongeza maji ya betri yauzwayo dukani, wala si maji ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Wala usisogeze kiberiti karibu ili kuchungulia ndani. Hewa itokayo katika betri hulipuka.

Ikiwa injini yazunguka vizuri lakini haiwaki, na petroli yafika katika kabureta, betri haina hatia, na kazi imehamia upande wa cheche. Hapa chombo kimoja kidogo chafaa kuliko maneno ya watu watano: globu ndogo ya volti zile zile za betri, iliyofungwa nyaya mbili. Waya mmoja ushike chuma cha fremu. Wa pili uguse njia ya umeme mahali baada ya mahali, swichi ikiwa imefunguliwa. Globu ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, ubaya uko nyuma yako.

Tutawapa mfano. Lori moja lililobeba magunia, na abiria juu ya magunia, lilizimika jioni upande wa Mayamaya. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama aliyempeleka mtoto mwenye homa hospitali ya Dodoma. Watu wa msaada hawakukosekana. Walizing'oa nyaya zote za plagi kwa pamoja, wakazisafisha plagi zote sita, wakazirudisha nyaya kama kila mtu alivyokumbuka. Lori halikuwaka. Mama yule alikaa gizani na mtoto wake mpaka saa nne ya usiku, ndipo ikapita motakaa nyingine ikawachukua.

Asubuhi tulifika hapo tukiwa na globu yetu. Iliwaka kwenye swichi. Iliwaka kwenye koili upande wa kuingilia, na upande wa kutokea pia. Lakini injini ilipozungushwa, ile ya upande wa kutokea haikupepesa. Iliwaka tu moja kwa moja. Ilipasa izime kila platini zifungapo, kwa kuwa wakati huo umeme hupata njia ya kurudi. Platini zilikuwa safi, na zilifunga. Basi umeme haukuzifikia. Palikuwa na waya mwembamba mmoja tu kati ya koili na platini. Ulionekana mzima kwa nje, lakini ulipovutwa kidogo mpira wake ulirefuka kama utumbo. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika kwa kutikisika miaka mingi. Kipande cha waya cha urefu wa kiganja kiliponya.

Hata hivyo injini ilikohoa tu na kupiga moto nyuma, kwa sababu jana yake nyaya za plagi zilikuwa zimechanganywa. Injini ile ya silinda sita huwaka kwa taratibu ya 1, 5, 3, 6, 2, 4, ukihesabu tangu mbele kwenye rejeta. Ubaya mmoja ulikuwa umezaliwa wa pili. Ndiyo sababu twawaambia wanafunzi wetu: toa waya mmoja, uupime, uurudishe, kisha ushike wa pili.

Mambo mengine tutayapitia upesi. Platini zilizoungua zisuguliwe taratibu, na nafasi yake zinapokuwa wazi kabisa iwe karibu nusu milimita au pungufu kidogo, kama kitabu cha lori kisemavyo. Zikiungua tena baada ya siku chache, badili kondensa. Kifuniko cha distribyuta chenye ufa mwembamba mweusi hupoteza cheche. Asubuhi za masika yatosha mara nyingi kukipangusa kwa kitambaa kikavu. Usiache swichi wazi injini ikiwa imezima, maana koili huchemka. Koili izimayo injini ikipata joto na kukubali tena ikipoa, hiyo imekwisha. Katika malori mengi ya Kiingereza ya zamani ni upande wa chanya wa betri ulioungwa na fremu, si hasi. Tazama kabla ya kufunga betri mpya.

Juu ya fyuzi twataka kusema kwa ukali. Fyuzi ikikatika, wako watu watiao karatasi ya sigara yenye bati, au msumari. Hapo waya wenyewe ndio utakaoungua mahali pa fyuzi, na waya huo wapita karibu na tangi la petroli, chini ya watu walioketi juu ya magunia. Fyuzi mpya ni ya bei ndogo. Weka tatu katika sanduku la dereva, pamoja na globu, msasa, bisibisi, waya kiasi cha mita mbili, platini na kondensa za akiba, na karatasi iliyoandikwa taratibu ya kuwaka ya injini yako. Wino wa karatasi hiyo ukififia, andika tena.